Meno Yakishushwa, Mikono Ndiyo Inayopeleka Kitambaa

(Hotuba kwa mkutano wa washonaji wanaozungumza Kiswahili, Lexington, Kentucky. Inawekwa hapa kamili kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Mama zangu, shikamooni. Dada zangu na wadogo zangu, habari za mchana. Na nyinyi baba zangu wawili mlioketi karibu na mlango kama watu wanaojiandaa kutoroka, karibuni mbele, kwa maana kule tulikotoka, iwe Tanga au Bukavu, fundi cherehani wa barazani mara nyingi alikuwa mwanamume, na leo nimekuja kumsifu mmoja wao.

Nimeombwa kuzungumza juu ya kushona mfarishi kwa mkono huru katika cherehani ya nyumbani. Wengi wetu humu tumezoea kusema "kwilti" kama wasemavyo wenyeji wetu, lakini pwani neno mfarishi lilikuwapo tangu zamani, nalo ni tandiko au funiko lililoshindiliwa pamba katikati, na mtanivumilia nikilitumia hilo kwa kuwa linanifurahisha kulitamka. Mfarishi una matabaka matatu: uso, pamba na mgongo. Kuunga vipande vya vitenge hadi vikawa uso ni kazi mnayoijua kunizidi, na sitaigusa. Nitakayozungumzia ni kazi inayofuata, ya kuyashona matabaka hayo matatu kwa pamoja ili pamba isikusanyike pembeni siku ya kwanza ya kufuliwa, na kufanya hivyo kwa mistari inayopinda, inayozunguka na kurudi, badala ya mistari iliyonyooka kama reli.

Nianze kwa kuwauliza: ni nani hapa amewahi kukitazama kitambaa kikienda chenyewe chini ya sindano na kujiuliza ni nani anayekivuta? Tazameni chini ya mguu wa cherehani. Mtaona safu za meno madogo ya chuma yanayopanda, yanayosukuma, yanayoshuka na kurudi. Meno hayo ndiyo yanayoamua hatua ya mshono iwe ndefu au fupi, na ndiyo yanayoamua kitambaa kiende upande gani, yaani mbele au, ukibonyeza kitufe, nyuma. Hayajui kwenda kushoto. Hayajui kuzunguka. Ukitaka kuchora ua kwa uzi juu ya mfarishi mkubwa, kila petali itakudai uugeuze mzigo mzima chini ya mkono wa mashine, na mfarishi wa kitanda cha watu wawili haugeuki kirahisi.

Sasa shusha meno hayo. Cherehani nyingi za siku hizi zina kitufe cha kuyashusha, mara nyingi nyuma au chini karibu na bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Ondoa mguu wa kawaida, weka mguu wa kudarizia, ule wenye duara dogo na springi, unaoruka pamoja na sindano badala ya kukibana kitambaa muda wote. Tia sindano mwendo. Kitambaa hakiendi popote! Sindano itapiga tundu lilelile moja mpaka uzi ufunge fundo. Meno yakishushwa, mikono ndiyo inayopeleka kitambaa. Mikono yako ndiyo hatua ya mshono, mikono yako ndiyo mbele na nyuma, mikono yako ndiyo kushoto ambako meno hayakukujua.

Nilipokuwa msichana Tanga, katika mtaa wetu palikuwa na fundi aliyedarizi shingo za magauni na mbele ya kanzu kwa cherehani nyeusi ya kukanyaga, isiyo na umeme wala kitufe chochote cha kujivunia. Alikitia kitambaa ndani ya ringi ya mbao kikakazwa kama ngozi ya ngoma, akaung'oa mguu wa cherehani kabisa na kuuweka katika kopo la vifungo, kisha akaanza kukanyaga huku mikono yake miwili ikiisogeza ringi polepole chini ya sindano. Sisi watoto tuliketi barazani tukitazama majani na mizabibu ikiota pale ambapo dakika iliyopita hapakuwa na kitu. Nilidhani ile mashine inajua kuchora. Niliwahi kumwuliza ni mashine ya aina gani, akacheka, akanionyesha kwamba ni ileile aliyoshonea sare yangu ya shule asubuhi yake.

Namtaja fundi huyu kwa sababu wengi wetu tukifika katika madarasa ya hapa Marekani hudhani kwamba tunafundishwa jambo geni, la watu wenye vyumba maalumu vya kushonea na taa za mezani. Si geni. Ni darizi ya barazani iliyowekewa pamba katikati. Aliyeyaona magauni ya darizi ameshaiona kazi hii. Kilichoongezeka ni unene wa kitambaa na uzito wa mzigo, basi.

Na ugeni wenyewe, mkitaka kujua, ulikuwa upande wa pili pia. Mwendo wa saa nne hivi kwa gari kutoka hapa tulipo, magharibi ya jimbo letu hili kwenye Mto Ohio, uko mji wa Paducah, ambao kila mwaka hujaa washonaji wa mifarishi kutoka nchi nyingi, na ambao tangu 2013 umo katika orodha ya UNESCO ya miji ya ubunifu kwa ajili ya kazi za mikono. Kwa muda mrefu katika mashindano ya nchi hii sindano ya mkono ndiyo iliyohesabiwa kuwa kipimo cha fundi, na mfarishi ulioshonwa kwa mashine ulionekana kuwa wa mtu mvivu au mwenye haraka. Mwaka 1989, katika maonyesho ya Paducah, Caryl Bryer Fallert alishinda tuzo kubwa kuliko zote kwa mfarishi unaoonyesha kupatwa kwa jua, nao ulikuwa umeshonwa matabaka yake kwa mashine, wa kwanza wa namna hiyo kupata tuzo ile. Kulikuwa na manung'uniko. Watu waliopitisha miezi wakichoma kwa mkono waliona wamedhulumiwa, na kusema kweli siwalaumu. Lakini mfarishi ule ulikwenda kukaa katika jumba la makumbusho palepale Paducah, na ukienda leo utakuta kazi ya mashine na kazi ya mkono chini ya paa moja. Basi dada yangu, ukiambiwa kwamba mashine si kazi ya mikono, muulize aliyesema: meno yakiwa chini, ni nani anayekipeleka kitambaa?

Nije kwenye jambo ambalo kwangu mimi ndilo lenyewe hasa, na ambalo lilinichukua mwaka mzima kulielewa: mwendo.

Katika kushona kwa kawaida kuna mwendo mmoja tu wa kujali, ule wa pedali. Ukikanyaga zaidi, kila kitu kinakwenda haraka kwa pamoja, na mshono unabaki na urefu uleule. Katika kushona kwa mkono huru kuna miendo miwili, wa sindano na wa mikono, na urefu wa mshono ni matokeo ya hiyo miwili ikikutana. Mikono ikienda haraka na sindano polepole, utapata hatua ndefu zenye kulegea, zinazonasa kidole cha mguu usiku kitandani. Mikono ikienda polepole na sindano haraka, utapata vinukta vilivyobanana visivyofumuka hata kwa wembe. Je, ni hesabu ngumu? Hapana. Cherehani za umeme za nyumbani kwa kawaida hufikia mishono kati ya 700 na 1,000 kwa dakika. Tuseme umekanyaga kiasi, ukapata 600. Hiyo ni mishono 10 kwa sekunde. Ukitaka mishono 4 katika kila sentimita, ambayo ni hatua nzuri ya kuanzia, mikono yako inapaswa kusogea sentimita mbili na nusu tu kwa sekunde, yaani kama urefu wa kiungo kimoja cha kidole gumba.

Sentimita mbili na nusu! Huo ni mwendo wa kinyonga. Lakini sikio linasikia mngurumo wa mota, moyo unaingiwa na hofu, na mikono inakimbia kuufuata mngurumo. Hapo ndipo wanaoanza hufanya kosa linaloonekana kama busara: huiogopa sauti, huliondoa guu kwenye pedali, sindano ikaenda tap, tap, tap kama anayebisha hodi kwa wasiwasi, na mikono ikaruka kati ya tap na tap. Mstari unatoka umevunjika pembe pembe. Nasema kinyume na wanavyotarajia wengi: kanyaga zaidi kidogo kuliko unavyopenda, tena kwa kiasi kisichobadilika, kisha ipunguze kasi mikono. Kama cherehani yako ina kidhibiti cha kasi, kiweke katikati na ukanyage pedali mpaka mwisho, ili mguu wako usiwe na la kuamua. Uache mguu uwe mpiga ngoma asiyebadilisha mdundo, na mikono ndiyo icheze.

Nilijifunza hayo kwa fedheha. Cherehani yangu ya kwanza hapa niliinunua ikiwa imetumika, na kwa kuwa sikutaka kuharibu kitenge kipya, niliamua kufanya mazoezi juu ya kanga moja kuukuu. Mnajua kanga: ina pindo, ina mji, ina jina. Niliitandika juu ya pamba, nikaweka mgongo wa shuka la zamani, nikaanza kuzifuatisha kwa sindano korosho zilizochapwa katika mji wake, nikapata moyo, nikasema leo nitaliandika na jina lenyewe kwa uzi, herufi kwa herufi. Jina lilikuwa "Mwenye pupa hadiriki kula tamu". Nilipofika katika neno "pupa", mama zangu, mikono ilinitoroka, sindano ikagonga bamba la chuma, ikakatika, na kipande kikaruka kikagonga miwani yangu. Ile kanga ninayo mpaka leo. "Mwenye pu" imeshonwa vizuri kabisa. Baada ya hapo hamna kitu.

Kicheko chenu nakipokea, ila kanga ile ilinipa njia ninayoifundisha hadi sasa, nayo sijaiona ikifundishwa na wengine hapa. Anayeanza hana tatizo la mikono peke yake. Ana tatizo la kuamua aende wapi, na kuamua na kusogeza kwa wakati mmoja kunamshinda. Kanga inakuondolea nusu ya tatizo. Mistari imekwisha chapwa. Fuata ukingo wa korosho, zunguka nukta za pindo, ingia katika maua, na akili yako yote ibaki katika mwendo. Kanga ni nyepesi, sindano inapita bila kusumbuka, na ukimaliza una mfarishi mdogo wa mtoto ambao hata ukiwa na makosa yako yote utampa joto. Mwenye kitenge atumie kitenge, lakini akifue kwanza kitoke ile dawa ya dukani inayokifanya kiwe kigumu kama karatasi.

Baadaye, unapotaka kuiacha michoro ya watu na kuchora yako, chukua kalamu na karatasi kabla ya kukaribia cherehani. Chora mstari unaopinda kama mto unaotafuta bahari, ujaze ukurasa mzima bila kuinua kalamu na bila mstari kujikata. Fanya hivyo ukiwa kwenye simu na nduguyo, fanya hivyo ukimsubiri daktari. Mkono ukishazoea njia, akili hupumzika. Kisha ukija kwenye mashine kumbuka kwamba mambo yamegeuka: hapa kalamu imesimama na karatasi ndiyo inayotembea. Mashine zile kubwa za reli, ambazo huuzwa kwa maelfu ya dola, huwa na kichwa kinachotembea juu ya kitambaa kilichotulia, na kwa hiyo mtu huchora nazo kama anayeandika. Sisi wa cherehani ya mezani tunaisogeza karatasi chini ya kalamu. Ukitaka mstari uende kushoto, unasukuma kulia. Siku mbili tatu utachanganyikiwa, kisha siku moja utagundua kwamba hufikirii tena.

Sasa niseme kwa haraka yale yanayoharibu kazi kabla mikono haijapata nafasi ya kukosea, maana nimewaona watu wakijilaumu kwa makosa ya sindano butu. Weka sindano mpya, namba 90/14, na uibadilishe baada ya saa nane hivi za kazi. Safisha vumbi la pamba katika nyumba ya bobini kila unapoweka bobini mpya. Kabla ya kuanza, piga mshono mmoja, uvute uzi wa chini utokeze juu, uishike nyuzi zote mbili, ushone hatua tatu nne fupi za kufunga, ndipo uondoke. Na tafadhali, tafadhali, teremsha mguu wa cherehani! Mguu wa kudarizia hata ukiwa chini unaonekana kana kwamba uko juu, kwa sababu haukibani kitambaa, na mtu husahau. Usipouteremsha, uzi wa juu haukazwi, na chini ya kitambaa utakuta kiota cha ndege.

Ukikuta chini ya mfarishi, pale mistari inapopinda, uzi umejitokeza kwa vitanzi kama kope za jicho, usiguse kwanza skrubu ya kukaza uzi. Je, vinatokea penye kupinda peke yake? Basi ni mikono yako inayokimbia unapopinda, kama dereva anayeongeza mwendo kwenye kona. Vikiwapo kila mahali, hapo uzi wa juu umelegea, ukaze kidogo. Na ukiona vinukta vya uzi wa chini vikichungulia juu, uzi wa juu umekazwa mno.

Kuna jambo moja sitalipita kwa haraka, kwa kuwa liliniliza. Mpwa wangu alipokuwa anaolewa nilimshonea mfarishi wa vitenge, uso wake nikauunga kwa wiki sita. Kwa uchovu nikayafunga matabaka kwa pini chache tu, moja hapa, nyingine kule karibu mkono mzima mbali. Juu ulitoka mzuri wa kupigiwa vigelegele. Nilipougeuza, mgongo ulikuwa na mikunjo kumi na moja iliyoshonewa ndani, mingine mirefu kama kiganja. Harusi ilikuwa Jumamosi na siku hiyo ilikuwa Jumatano. Niliketi nikafumua usiku mbili, na mikunjo mitatu ilikwenda nayo arusini, ipo hadi leo, na mpwa wangu anasema ndiyo anayoitafuta kwa vidole akikosa usingizi.

Kwa hiyo mgongo uukate ukiwa mkubwa kuliko uso kwa sentimita 10 kila upande, uutandike sakafuni ukiwa umevutwa na kubandikwa kwa utepe, pamba juu yake, uso juu ya pamba, kisha pini za kufunga, zisipishane zaidi ya ngumi moja. Ukiweka ngumi yako popote juu ya mfarishi, lazima iguse pini. Ni kazi ya kuumiza magoti. Mwite mtu mwingine, mpe chai, na mfanye pamoja.

Na uzito, je? Nafasi kati ya sindano na mwili wa cherehani ya nyumbani mara nyingi ni sentimita 15 hadi 20 tu, na humo ndimo mfarishi mzima unapaswa kupita. Anza katikati na uende nje, ili usiubane mzigo wote chini ya mkono wa mashine zaidi ya inavyolazimu. Isukume meza ukutani, mfarishi usianguke upande wa pili, kwa sababu ukining'inia unavuta, na ukivuta sindano inapinda. Kama huna meza maalumu, panga vitabu kuizunguka cherehani vilingane nayo. Mimi nilitumia vitabu vya simu, enzi zile vilipokuwa vikiletwa mlangoni. Vaa glovu za bustani zenye mpira viganjani ili usihitaji kubana kitambaa kwa nguvu. Mikono ikae pande mbili za sindano, ishughulike na eneo la sahani moja tu. Ukilimaliza, simama sindano ikiwa chini, ndipo uhamishe mikono. Wengi hushona huku wakihamisha mikono, na huko ndiko kunakotoka ile mistari inayoruka kama ya mtu aliyeshtuliwa. Shusha mabega. Dakika 20, kisha inuka unyooshe mgongo.

Mmoja wenu aliniuliza mlangoni itamchukua muda gani. Naweza kumwambia tu yale niliyoyaona kwa waliojifunza nami: waliokaa kwenye mashine kila siku kwa robo saa, juu ya vipande vya mazoezi vya sentimita 35 kwa 35, walitangulia kuwazidi waliosubiri Jumamosi wapate siku nzima. Andika tarehe kwenye kila kipande na usikitupe. Mwanzoni tumia uzi wa rangi ya kitambaa, nao utakusitiri; uzi mweupe juu ya kitenge cheusi unasema kila kitu.

Nimezungumza vya kutosha, na vidole vyenu naona vinawasha. Cherehani tano ziko kwenye meza za nyuma, nne zimeshushwa meno tayari. Ile ya tano, karibu na dirisha, ni ya zamani na haina kitufe cha kuyashusha, kwa hiyo tumeyafunika kwa kipande cha kadi ngumu chenye tundu la sindano na kukibandika kwa utepe, nayo inafanya kazi vilevile. Kanga zimekatwa, pamba imo ndani, pini zimefungwa. Zitoeni kila mnapozikaribia. Baba zangu wa mlangoni, nyinyi mtaanza na hiyo ya dirishani.